Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mabweni yajayo yawekewe jiko

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Ohio, Marekani, ninakosoma shahada ya uzamili. Sina malalamiko ya ada wala ya viza. Nina ombi moja tu kuhusu mabweni yanayoendelea kujengwa kwenye vyuo vikuu vyetu vya Tanzania, yakiwemo ya mradi wa elimu ya juu wa HEET, ule wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia: yawekewe jiko.

Chuo ninachosoma kina nyumba zake chenyewe za kupangisha wanafunzi. Ni nyumba za ghorofa moja zilizopangwa safu, zimeungana kuta, kila moja na mlango wake wa mbele. Chini kuna sebule na jiko. Juu vyumba vinne na bafu. Kila mwanafunzi ana mkataba wake na chuo kwa chumba chake, hivyo mwenzako akikwama kodi hubebeshwi deni lake. Mwanzo wa muhula tunakalishwa chini, tunaandika makubaliano na kuyasaini: nani anatoa taka lini, mgeni analala siku ngapi, kelele mwisho saa ngapi. Niliona ni mambo ya kitoto. Siku sufuria la mtu lilipoota ukungu kwenye sinki, ile karatasi iliyobandikwa kwenye friji ndiyo iliyotuamua bila ugomvi.

Sasa tuje nyumbani. Kupika chumbani ni marufuku, na sababu inaeleweka: nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na kuchaji simu hazihimili majiko. Lakini wanafunzi wanapika. Jiko la koili linafichwa kwenye begi chini ya kitanda, linatolewa usiku, na taulo linasukumwa chini ya mlango ili harufu ya dagaa isitoke. Kwenye hosteli niliyokaa nikisoma shahada ya kwanza, soketi moja ilishayeyuka upande mmoja na bado ilikuwa inatumika, maana ndiyo iliyokuwa haionekani kutoka dirishani. Msako ukipita, majiko yanabebwa. Wiki inayofuata yamenunuliwa mengine. Na kwa jinsi tunavyobebana, kitanda kimoja watu wawili, moto ukizuka usiku sijui nani atatangulia kutoka.

Wanapika kwa sababu ya hesabu. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa serikali kwa mwanafunzi, upande wa chakula na malazi limepangwa shilingi 10,000 kwa siku, na likichelewa mtu anaishi kwa mkopo wa mama ntilie. Watu wanne wakichanga kiroba cha unga na sado mbili za maharage, wanavuka. Mmoja mmoja hawavuki.

Najua wataalamu wako watasema nyumba za namna hii zinakula ardhi na fedha. Ni kweli. Hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa 2017, ni majengo 20 kwa wanafunzi 3,840. Idadi hiyo huwezi kuifikia kwa vijumba vya safu. Nami siombi vijumba. Naomba ghorofa lile lile ligawanywe ndani: mlango mmoja, vyumba vinne, bafu, na jiko dogo lenye nyaya zake na saketi breka yake. Kila mlango uwe na mita yake ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hapa Ohio umeme umo ndani ya kodi, taa zinawaka mchana kutwa na hakuna anayejali. Wanne wanaochanga LUKU watazima wenyewe bila kusukumwa.

Sisemi huku ni peponi. Kodi ni kubwa, na siku ya kukabidhi nyumba jiko likikutwa chafu, faini wanagawana wote, hata yule ambaye hajawahi kukaanga yai. King'ora cha moshi nacho hakina utani: mafuta ya chapati yakipata moto kidogo tu, wote mko nje kwenye theluji na soksi. La faini msiliige. King'ora kiigeni, hata kama kitasumbua.

Michoro ya awamu ijayo ikifika mezani kwako, kabla zabuni haijatangazwa, naomba ipitiwe pia na wanafunzi wachache wanaoishi mabwenini hivi sasa. Wanajua soketi zinatakiwa kukaa wapi.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kitanzania, Ohio