Mama mkwe wa kwenye filamu si lazima awe adui

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu lalamiko ninalolisikia kila mara hapa Ujiji, kwamba filamu ya familia isiyoonyesha wazi nani mwema na nani mbaya haina funzo. Katika filamu zetu nyingi jambo hilo huamuliwa mapema mno: mama mkwe akiingia sebuleni na kusonya, watazamaji wote wameshajua kwamba yeye ndiye adui, na hakuna anayejiuliza amepitia nini hadi akawa hivyo.

Hivi karibuni tulitazama nyumbani filamu ya mwaka 2011 ya Asghar Farhadi wa Iran, ambayo jina lake la Kifarsi lina maana ya Kutengana kwa Nader na Simin, na ambayo mwaka 2012 iliipatia nchi hiyo tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Simin anataka kuhama nchi pamoja na binti yao. Nader hakubali kumwacha baba yake mwenye ugonjwa wa kusahau. Mke anapoondoka nyumbani, Nader anamwajiri Razieh, mama mjamzito na mcha Mungu kiasi cha kupiga simu kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo mzee wa kiume aliyejikojolea. Ni huyo huyo ambaye siku moja anamfunga mzee mkono kitandani, anafunga mlango na kutoka.

Shangazi yangu alisema, "Mkatili huyu." Mimi nilinyamaza. Niliwahi kumuuguza mama mkwe wangu, ambaye mwishoni hakulijua hata jina la mwanawe, na asubuhi moja, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwachia na nyumba haikuwa na kitoweo, nilimfungia chumbani kwa kufuli nikaenda Kibirizi kutafuta dagaa. Niliporudi nilimkuta amekaa chini nyuma ya mlango, kucha zimejaa chokaa ya ukutani. Nilimpenda sana mama yule, na ni mimi niliyemfungia.

Nader naye anamwogesha baba yake huku akilia, kisha anamdanganya hakimu kwamba hakujua Razieh ni mjamzito siku aliyomsukuma nje ya mlango, naye mimba ikaharibika. Lakini kilichotugusa zaidi ni kiapo. Nader yuko tayari kulipa fidia, ila anamtaka Razieh aape kwa Msahafu kwamba ni Nader aliyesababisha mimba kuharibika. Na Razieh, ambaye siku moja kabla ya kusukumwa aligongwa na gari akimfuata mzee barabarani, ana shaka, hivyo anakataa, ingawa wanaomdai mumewe wamekaa pale pale nyumbani wakisubiri fedha. Shangazi yule yule alijifuta macho kwa pindo la kanga.

Nawaomba watunzi wetu watuandikie watu wa namna hiyo. Gharama si kisingizio, maana sehemu kubwa ya filamu ile imepigwa ndani ya nyumba na katika ofisi ya hakimu.

Mwishoni hakimu anamtaka Termeh, binti wa miaka 11, aseme ataishi na mzazi yupi. Wazazi wanasubiri ukumbini, na filamu inaisha bila jibu. Kesho yake asubuhi, tukichambua mchele uani, shangazi aliniuliza tena mtoto alimchagua nani.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma