Kabla Sijawa Shahidi Wenu

Mpendwa shoga yangu,

Salamu kwanza. Mimi mzima, watoto wazima, Bi Mkubwa goti linamsumbua ila mdomo haujapungua hata kidogo. Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, na safari hii siandiki hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Nina hofu kwelikweli.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia, kisha nikamsomea Mwalimu. Akaguna tu, na unamjua Mwalimu akiguna. Mmepata nyumba. Ya ghorofa, ina bustani nyuma, bei ya kutupa, mwenye nayo anataka pesa kabla mwezi haujaisha kwa "sababu za kifamilia", na mimi nije niwe shahidi siku ya kusaini. Hongera sana, nasema kwa moyo mweupe. Sasa kaa kitako nikwambie.

Likizo hii kaka ameniachia wanawe, wale watatu, na ili tusitoane roho nimekuwa nawawekea filamu za miaka ya 80, zilezile tulizokuwa tunatazama mimi na wewe mpaka mkanda unakatika. Nilidhani nawaburudisha watoto. Shoga, zile picha zimejaa nyumba! Utotoni tuliona mateke na bunduki. Ukizitazama sasa unaona mikataba, mafundi na madalali. Nusu ya maafa yale yangezimwa mwanzoni kabisa kama mtu mmoja tu angefungua mdomo akauliza swali.

Chukua *The Money Pit* ya 1986. Tom Hanks na Shelley Long wanapata jumba la fahari kwa bei ya chini kwa kuwa mwenye nalo ana haraka ya kuuza. (Rudi uisome tena hiyo sentensi, nakusubiri.) Wanahamia. Ngazi inaporomoka, na sisemi kipande cha ngazi, ngazi yote. Kisha hodhi la kuogea linatoboa sakafu, linashuka mpaka chini na kuvunjika vipande vipande. Tom Hanks anainama, anachungulia kwenye lile tundu, anaanza kucheka. Anacheka, anavuta pumzi, anacheka tena, kile kicheko cha mtu ambaye akili imeomba ruhusa ya kutoka. Watoto walianguka chini kwa kucheka. Mimi nilikuwa na simu mkononi, ujumbe wako uko wazi, nikashindwa kucheka.

Halafu mafundi! Kila wakiulizwa kazi itaisha lini, jibu ni moja: wiki mbili. Muda unakwenda, bado wiki mbili. Fundi wetu yule ana nafuu, yeye husema "kesho", ukajua palepale kwamba anakudanganya, ukaendelea na shughuli zako.

Na huyo Tom Hanks hakukoma. Mwaka 1989 alicheza *The 'Burbs*, akaingia kwa majirani wasipokuwepo, akachimba chini ya nyumba yao mpaka akagonga bomba la gesi, nyumba ikalipuka. Mtu huyu miaka ile hakupaswa kukabidhiwa funguo za mlango wowote.

Lakini anayeninyima usingizi hasa si Tom Hanks. Ni shemeji.

Unaikumbuka *Ghostbusters* ya 1984, pale wale wawinda mizimu wanapokwenda kutazama kile kituo kikuukuu cha zimamoto ili wakifanye ofisi? Egon amesimama chini, uso mkavu, anaorodhesha kasoro: vyuma vinavyobeba jengo vimechoka, nyaya za umeme hazifai, mtaa wenyewe unafanana na uwanja wa vita. Hiyo ndiyo lugha ya mnunuzi. Dalali yupo hapohapo anasikiliza, bei iko njiani kushuka. Mara mwenzake Ray anatokea juu, kaona ile nguzo ya kutelezea, anashuka nayo huku anachekelea, anauliza watahamia lini, anataka walale hapo usiku uleule. Basi. Mazungumzo ya bei yakafia pale. Na unajua pesa zenyewe zilitoka wapi? Ray huyohuyo aliweka rehani nyumba aliyoachiwa na wazazi wake.

Shoga, umeolewa na Ray. Nampenda shemeji, hana baya, ila umesahau siku tulipokwenda naye kununua gari? Injini haijafunguliwa, kaona redio, kamkumbatia muuzaji. Sasa nijibu bila kuzunguka: siku mliyokwenda kuiona hiyo nyumba alisema nini, na alisema mbele ya nani? Kama kuna nguzo, roshani au bembea yoyote aliyoipanda, nataka kujua.

Jambo jingine. Mwanzo wa ujumbe umeandika "mwenye nyumba". Chini kidogo umeandika "mjukuu wa mwenye nyumba". Ni yupi kati yao? Maana *Gremlins* ya 1984 yote inaanzia hapo. Mzee kakataa katakata kumuuza yule mnyama mdogo, kasema hauzwi. Mnunuzi anatoka nje, mjukuu anamfuata, anamuuzia kwa siri kwa kuwa nyumbani wanahitaji pesa. Anampa na masharti matatu: asiwekwe kwenye mwanga mkali, asilowe maji, asilishwe baada ya saa sita ya usiku. Yote matatu yanavunjwa na mji mzima unageuzwa juu chini usiku wa Krismasi. Mimi sina ugomvi na mjukuu. Ila mzee yuko wapi? Yu hai? Anajua kwamba nyumba yake inauzwa?

Na yale masharti, mpwa wangu wa kati alinimaliza. Akasimamisha filamu, akauliza: "Shangazi, saa nne asubuhi si ni baada ya saa sita ya usiku?" Nikakaa kimya. Ni kweli, muda wote ni baada ya saa sita ya usiku! Angelishwa lini sasa? Mtoto wa miaka tisa kaliona, na watu wazima wote wa kwenye ile picha wamepokea masharti wakaondoka bila kuuliza. Nikakukumbuka wewe na hizo "sababu za kifamilia". Sababu gani? Familia gani?

Ile ya kutisha sikuwawekea watoto, niliiangalia peke yangu walipolala, jambo ambalo sikushauri. *Poltergeist*, 1982. Baba ni muuzaji wa nyumba wa kampuni ileile iliyojenga mtaa wanaoishi. Anasifia nyumba kutwa nzima, ndiyo kazi yake. Siku moja mkewe yuko jikoni, anarudisha viti mezani, anageuka kidogo tu, akirudisha macho viti vyote vimepandana juu ya meza. Wewe ungefanya nini? Mimi ningekuwa nimeshafika kwa Mwalimu, viatu mkononi. Yule mama akafurahi! Akachora alama sakafuni, akamvalisha binti yake kofia ngumu ya michezo, akamwacha ateleze sakafuni akivutwa na kitu kisichoonekana. Samahani, lakini pale nilikuona wewe. Wewe ndiye ungesema, "Njoo uone, nyumba yetu ina mambo!"

Baadaye ndiyo inajulikana kwamba pale palikuwa makaburi. Kampuni ilihamisha mawe ya makaburi ikawaacha waliolala chini yake. Na yule baba aliyekuwa akiuza hakuwa na habari. Sasa kama muuzaji hajui anauza nini, mnunuzi atajuaje? Ulizeni majirani, tena wazee, tena wale wenye maneno mengi. Ulizeni palikuwa na nini kabla ya hapo. Wanaishia hotelini, baba anaisukuma televisheni nje ya chumba, picha inaisha. Watoto wote wamepona, nyumba imefyonzwa ikatoweka. Hata ya kuuza mbao haikubaki.

Nikitoka kidogo kwenye mada, lazima nikupe hii. Niliwawekea *The Karate Kid*, ile ya 1984, Mzee Miyagi anamfundisha kijana Daniel karate kwa kumpa kazi: ng'arisha magari, sugua sakafu, paka rangi uzio, paka rangi nyumba. Daniel anakasirika anadhani ananyonywa, kumbe mikono inajifunza kukinga ngumi. Kesho yake asubuhi nikawapa watoto vitambaa, nikawaambia madirisha yote, mkono wa kulia duara, wa kushoto duara. Hawakunung'unika! Walifuta kwa makini, pumzi ndani, pumzi nje. Jioni mdogo wao akaja mbele yangu, kapanua miguu, akasema, "Shangazi, nipige." Nikarusha ngumi ya polepole, akaikinga, macho yakamtoka. Sasa ananiuliza kama kuna uzio. Nitakuja nao kwako mkishahamia, kama mtahamia, nami nafasi hiyo nitaitumia vizuri.

Mwalimu aliitumia filamu hiyo kunipinga. Eti Daniel hakuuliza swali, alitii tu, na mwisho akashinda. Nikamwambia kwanza aliuliza, tena kwa kelele, ndipo akaonyeshwa maana yake. Pili, Miyagi hakuwa anamuuzia nyumba, alikuwa anapakiwa rangi nyumba yake mwenyewe. Akaguna.

Turudi kwenye nyumba yenu, na hati yake. Umesema kwamba mtalipa sasa na hati "italetwa baadaye". Shoga yangu! Unamkumbuka Schwarzenegger kwenye *Commando*, 1985? Anamwambia yule mfupi mwenye maneno kwamba atamuua wa mwisho. Yule bwana anatulia, ana ahadi. Baadaye yuko ukingoni mwa genge, ameshikwa mguu mmoja, kichwa chini, anakumbushia ahadi yake. Anajibiwa kwamba ule ulikuwa uongo, na mguu unaachiwa. Yule rafiki yetu wa utotoni tuliyemwita Komando alikuwa akiigiza hiyo sehemu kila siku na hakuna aliyejifunza chochote. Ahadi ya mdomo inadaiwa mguu ukiwa bado chini. Hati kwanza, ipelekwe ofisi ya ardhi ikathibitishwe, wakili asome, kisha pesa. Msianze na pesa.

Na siku ya kusaini vaa viatu vyako, usivue hata wakikuambia zulia jipya. Bruce Willis kwenye *Die Hard* ya 1988 alipewa ushauri na abiria mwenzake wa ndege, avue viatu akunje vidole vya miguu kwenye zulia apumzike. Akapumzika. Majambazi wakaingia, jengo zima likawa vioo, naye pekupeku mpaka mwisho.

Najua unachofikiria: huyu kakaa na watoto likizo nzima, kachanganyikiwa, kazi kuangalia picha. Utaikunja barua uiweke chini ya mto, au shemeji ataichana. Sawa. Lakini kwenye *Back to the Future* ya 1985 Marty, kijana aliyesafiri kurudi miaka ya nyuma, alimwandikia yule profesa barua ya kumwonya kwamba atapigwa risasi, na profesa akaichana mbele ya macho yake, hataki kujua ya kesho. Baadaye alipopigwa risasi akainuka mzima, amevaa fulana ya kuzuia risasi, akatoa mfukoni ileile barua, vipande vimeunganishwa kwa utepe wa gundi. Kwa hiyo mwambie shemeji achane tu, nakuachia wewe kazi ya kuokota.

Sijasema msinunue. Labda ni nyumba nzuri, labda mjukuu ni mtu safi na mzee yuko pembeni anatabasamu. Nitakuja kuwa shahidi, nitavaa lile gauni la bluu, nitapiga na vigelegele. Ila nijibu kwanza. Ngazi umezipanda wewe mwenyewe au umeonyeshwa picha? Umefungua mabomba? Umekwenda mvua ikinyesha? Paa je? Kwa nini bustani ni nzuri hivyo na nyumba haikai mtu? Anayesaini ni nani, na jina lililo kwenye hati ni la nani? Shemeji anaweza kukaa kimya nusu saa, au tumwache na Bi Mkubwa siku hiyo? Mafundi wamesema kazi itachukua muda gani? Wakisema wiki mbili, nipigie hapohapo, hata usiku.

Na ile deki yetu ya zamani ipo kwako au kwa Komando? Watoto hawaamini kwamba filamu ilikuwa inarudishwa nyuma kwa kidole.

Wako wa siku zote,
Shangazi Madirisha
(hilo jina nimepewa wiki hii, usilieneze)