Kuhusu ile fidla yenye jina la Gasparo

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Picha za fidla unayouziwa nimezipata, na kibandiko cha ndani nimekisoma: "Gasparo da Salò in Brescia". Nakusihi usitoe pesa kwa ajili ya kibandiko hicho. Katika karne ya 19 viwanda vya Ujerumani vilitoa fidla kwa maelfu, na nyingi zilibandikwa majina ya mafundi wa kale wa Italia, Gasparo akiwamo.

Fundi mwenyewe kazi zake nazipenda mno. Aliitwa Gasparo Bertolotti, mzaliwa wa Salò, mji ulio kando ya Ziwa Garda. Karakana yake ilikuwa Brescia, na huko alifariki mwaka 1609. Wateja wake walikuwa hata ng'ambo, maana katika tamko lake la kodi la mwaka 1588 alieleza kwamba kazi zake haziendi tena Ufaransa kama zamani. Hakuwa na desturi ya kuandika mwaka kwenye vibandiko, kwa hiyo ukiona tarehe imechapwa chini ya jina lake, shaka na iongezeke.

Fidla zake ni chache. Heshima yake kubwa iko kwenye viola, chombo kama fidla ila kikubwa zaidi: pana, zenye matundu marefu ya sauti, na mlio mzito ambao wapigaji wa leo bado wanauhangaikia. Kwa bahati mbaya, nyingi zilikuja kukatwa na kupunguzwa ili zishikike vizuri chini ya kidevu. Inaniuma kila nikiwaza misumeno ile. Viola iliyokatwa hushuka thamani, na iliyobaki na umbo lake la asili hugombaniwa. Venice, kwenye jumba la makumbusho la Basilika la Mtakatifu Marko, lipo besi lake kubwa lililopigwa na Domenico Dragonetti, mpigaji besi mashuhuri.

Bei? Fidla ya Stradivari, fundi mwingine mashuhuri wa Italia, iitwayo "Lady Blunt" iliuzwa mwaka 2011 kwa dola milioni 15.9. Kazi za Gasparo ziko mbali na bei hizo, ijapokuwa alizaliwa karibu miaka 100 kabla ya Stradivari. Umri peke yake haupandishi bei. Wanunuzi hulipia jina, uzima wa chombo na cheti cha mtaalamu anayeaminika. Kwa viola zake, mimi naona soko halijamtendea haki.

Muuzaji akishikilia kwamba ni halali, mwombe akubali ubao wa mbele upimwe. Wataalamu husoma pete za ukuaji wa mti. Zikionyesha kwamba mti ulikuwa bado hai baada ya 1609, Gasparo hakuugusa.

Lakini ipige kwanza, tena pamoja na wenzako wa kikundi, uisikie ikijibizana na ganuni. Ikikuridhisha, toa bei ya fidla ya kawaida, usizidishe. Kisha niandikie muuzaji amesemaje, na unitumie picha ya mgongo wa fidla, hiyo hukuituma.

Wako daima.