Msizimue uji wa udongo kwa maji

Mhariri,

Inasikitisha kuona karakana za vikombe zikiongeza maji kila uji wa udongo, yaani udongo uliochanganywa na maji ili umiminwe kwenye kalibu, unapokuwa mzito. Maji yakizidi, kalibu ya plasta, inayofyonza maji ya uji, hulowa upesi, chombo husinyaa kupita kiasi na kupasuka shingoni. Kinacholainisha uji ni kemikali iitwayo silikati ya sodiamu: gramu 3 hadi 5 kwa kilo ya udongo mkavu, ikorogwe kwanza kwenye maji. Lita moja ya uji iwe na uzito wa kilo 1.75 hivi. Silikati ikizidi, uji huganda upya na plasta huharibika. Ukuta wa udongo unaojijenga ndani ya kalibu ukifika unene wa milimita 4, mwageni uji uliobaki. Tanurini, pandisheni moto polepole hadi nyuzi 600, kwani maji yaliyofungwa ndani ya kaolini, udongo mweupe wa kufinyangia, hutoka kuanzia nyuzi 450 hivi.

Mfinyanzi,
Dar es Salaam