Mlima Longonot Jumamosi: hakuna kuachana njiani

Habari za jioni wanakikundi. Safari iliyopita tulikosea. Waliotangulia walikuwa juu wakipiga selfi huku dada mmoja mgeni akihema peke yake kwenye lile vumbi la chini. Hajarudi tena, na simlaumu.

Longonot ni mita 2,776. Mwendo atauweka wa polepole kuliko wote. Mimi nitakuwa mkiani. Asiyetaka kuzunguka kreta, lile shimo la volkeno kule juu, ataishia ukingoni mwake, na hiyo pia ni safari kamili. Buibui au suruali, vaa kinachokuruhusu kupiga hatua. Viatu vya kuazima ninavyo jozi nne, namba 38 hadi 42. Mwenzetu kiziwi anakuja, kwa hiyo maelezo yote nitayaandika humu. Na ule utani wa “kwa mwili huo utafika kweli?” uacheni nyumbani.