Mama, kabla hujapanda ndege ya Hija

Old Kampala,
Ijumaa, baada ya Asri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote waliomo nyumbani. Nimempa mgeni wa jirani yangu anayeshukia Mombasa, naye ataikabidhi kwa watu wa magari ya Horohoro. Inshallah itafika Tanga kabla ya wiki kwisha. Zuhura mdogo wangu, msomee Mama polepole, na akikwambia inatosha, tafadhali endelea.

Mama, Jumapili nilipokuomba uchanjwe chanjo ya mafua kabla ya Hija, simu ilikatika katikati ya maneno, na neno la mwisho nililolisikia kwako ni hili: "Mimi niingie Makka na chanjo ya mafua ya nguruwe mwilini?" Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Sikukupigia tena kwa sababu jambo lenyewe si la kuelezwa kwa salio la dakika tano. Nimeona niandike, ukae nalo, usomewe hata mara tatu.

Kwanza hali ya huku. Tangu mvua zianze, Kampala inakohoa. Takisi yetu ya kwenda shuleni inachukua abiria 14, na mvua ikishuka vioo vyote vinafungwa, mnapumuliana mpaka mwisho wa safari. Juzi kijana mmoja alipiga chafya kiti cha nyuma, gari zima likanyamaza. Mama mmoja akavuta kitenge chake akamfunika mtoto uso. Yule kijana akaanza kujitetea kabla hajaulizwa: "Ni senyiga tu, jamani, ni senyiga tu." Nilimwonea huruma. Watu wa mji huu wamepita kwenye mengi. Mwaka 2025, Januari na Februari, Ebola ilikuwa humuhumu Kampala, na nesi wa hospitali kuu ya Mulago alifariki kwa ugonjwa huo. Kikohozi cha mtu kikisikika, kila mmoja anakumbuka alichokumbuka.

Senyiga ndilo jina la mafua kwa Kiganda. Korona ilipoingia mwaka 2020 wakaiita senyiga omukambwe, yaani mafua makali. Kwa hiyo leo ukitamka chanjo ya senyiga, mawazo ya mtu yanarudi kwenye barabara zilizofungwa na shule zilizofungwa, zote au baadhi ya madarasa, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022. Kijana wa boda anayenibeba asubuhi aliniambia, "Mwalimu, mimi nilichomwa mwaka 2021, sirudii." Nikamweleza kwamba ile ilikuwa ya Korona, na mafua haya ni virusi vingine kabisa. Akanijibu, "Kama ni vingine, mbona jina ni moja?"

Mama, nilipomsikia nilikukumbuka wewe, kwa sababu nawe jina ndilo lililokushika. Hayo mafua ya nguruwe unayoyakumbuka ni ya mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Juni mwaka huo kwamba yameenea dunia nzima, na virusi vyake vilikuwa na asili ya nguruwe, ndiyo jina likazaliwa. Lakini tangu hapo vimekaa kwa binadamu, vinaambukizwa mtu kwa mtu, vimekuwa sehemu ya mafua ya kila mwaka. Huenda wewe mwenyewe umeshayaugua ukasema ni baridi ya kusi.

Kuhusu uhalali wake, swali lako ni la haki, na sikutaka nikujibu kwa kudhani. Siku niliyokwenda kuchanjwa nilimwomba nesi anipe ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi, nikaisoma dirishani mstari kwa mstari. Virusi vya chanjo hiyo vimekuzwa ndani ya mayai ya kuku, Mama, mayai kama haya unayookota bandani, kisha vikauawa. Karatasi yenyewe inaonya kwamba huenda kuna mabaki kidogo ya yai. Nguruwe sikumwona humo. Ipo chanjo nyingine inayopulizwa puani, ambayo ina jelatini ya nguruwe. Hiyo siyo ninayokuombea. Ya kwako ni ya sindano, na hata hivyo mwambie Kaka Athumani aombe karatasi na kuisoma mbele yako.

Sasa nikueleze ya shuleni, kwa sababu ndiyo yaliyonipeleka kliniki. Bweni la wasichana lina vitanda vya ghorofa vilivyobanana, kati ya kitanda na kitanda unapita kwa ubavu. Jumatatu waliugua wawili. Alhamisi nilipoingia darasani Sinia ya Tatu, safu mbili za mbele zilikuwa tupu. Nesi wa shule alikuwa amewahamishia wagonjwa kwenye chumba cha kuhifadhia magodoro na kufungua madirisha yote, na kila aliyeingia alinawa mikono kwa sabuni mlangoni. Kuna binti mmoja mwenye pumu, mwepesi wa insha, Kiswahili chake utadhani amezaliwa Pangani. Usiku ule alishindwa kumaliza sentensi. Alisema "Mwalimu," akavuta pumzi, "maji," akavuta tena. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na paji la uso linaunguza. Tulimpeleka hospitali, mimi nimemshika kiti cha nyuma, dereva anapiga honi njia nzima.

Hospitalini walimwekea oksijeni, kisha nesi akaja na kijiti chembamba chenye pamba nchani, akamwingizia puani taratibu mpaka machozi yakamtoka. Akakitia kijiti kwenye kichupa, akaandika namba, akakiweka ndani ya boksi la barafu. Nikamuuliza kinakwenda wapi. Akasema Entebbe, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi. Mama, taasisi hiyo ina umri kukuzidi wewe. Ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na leo ndiyo kituo cha taifa cha kufuatilia mafua. Vituo vya namna hiyo katika nchi nyingi hupeleka taarifa na virusi wanavyovipata kwa Shirika la Afya Duniani, na mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, wataalamu hukaa wakachagua virusi gani viingie kwenye chanjo ya msimu unaofuata. Mafua hubadilika, ndiyo sababu chanjo ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Binti yetu alitoka baada ya siku tano. Ameshaanza kuandika tena.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia jirani yangu Nalongo. Huku mama wa mapacha huitwa hivyo kwa heshima. Yeye ndiye aliyenichemshia tangawizi na ndimu nilipofika hapa sijui mtu, na hata sasa mtoto wa mtu akipiga chafya ngazi nzima inanuka majani ya mkaratusi ya kufukiza. Sikumkataza. Chai yake inalainisha koo, mvuke unafungua pua, na mgonjwa anakunywa maji mengi, yote ni mema. Kilichoniuma ni vile vidonge vya rangi mbili alivyonunua duka la dawa, vinne tu, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, ampe mwanawe wa miaka saba. Ile ni dawa ya bakteria, haigusi virusi vya mafua, na kumeza vinne halafu ukaacha kunaweza kuwafanya bakteria waizoee dawa, siku utakapoihitaji kweli isikusaidie. Tulikaa jikoni tukazungumza mpaka usiku. Nalongo hakukasirika. Aliniuliza swali moja: "Kama hiyo chanjo yako ni nzuri, mbona watoto wetu hawapewi bure kama ya surua?"

Mama, sikuwa na jibu la kumtuliza. Chanjo ya mafua haimo katika zile za kawaida ambazo serikali ya Uganda huwapa watoto. Zimo za surua, polio, na tangu Aprili 2025 wameongeza ya malaria katika wilaya nyingi, jambo kubwa sana kwa nchi hii. Ya mafua unainunua mwenyewe kwenye kliniki binafsi, na bei yake Nalongo haiwezi. Yaani watoto wa huku wanatoa puani kile kinachosaidia kutengeneza chanjo, kisha chanjo yenyewe hawaioni. Hili linanikera, na nitalisema popote nitakapopata nafasi.

Najua pia kwamba wanaoogopa si wajinga. Mwaka 2021, wimbi la pili la Korona lilipokuwa linaua, matapeli waliwachoma watu zaidi ya 800 hapa Uganda chanjo bandia, nyingine zikiwa maji matupu, na watu wamelipa. Mtu aliyenunua maji kwa hofu ya kufa utamwambiaje aamini sindano? Mimi mwenyewe yalitaka kunifika. Kliniki ya kwanza niliyoingia, kijana alivuta droo ya meza akatoa kichupa. Droo, Mama, siyo friji. Chanjo ya mafua inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, ikilala kwenye joto inaharibika. Nikamuuliza imetoka kwenye friji lini, akanijibu kwa ukali kwamba mimi ni mwalimu, nifundishe. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Kliniki ya pili nesi alifungua friji mbele yangu, akanionyesha kipimajoto, akanipa boksi nisome tarehe ya kuisha na msimu uliochapwa juu yake. Huyo nikampa mkono wangu.

Siku mbili mkono ulikuwa mzito, nikashindwa kuandika ubaoni juu. Siku ya nne nikaanza kutokwa na kamasi. Ofisi ya walimu ikawa na furaha ya ajabu: "Umeona? Si wamekupa ugonjwa wenyewe!" Virusi vilivyouawa haviwezi kumpa mtu mafua. Ila kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na mimi nilikuwa nalala zamu bwenini katikati ya wagonjwa. Tena kuna mafua mengine madogo madogo ambayo chanjo hii haiyahusu. Wala sikufichi kwamba haizuii yote. Mwaka ambao imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, inapunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60 hivi. Lakini hata akiugua aliyechanjwa, mara nyingi hazidiwi kama asiyechanjwa, na kwako wewe hilo ndilo ninalolitafuta.

Kwa sababu una kisukari, Mama. Mafua kwa mtu wa kisukari huweza kupandisha sukari na kushuka kwenye mapafu upesi. Na unakokwenda unakujua kwa masimulizi ya Mjomba Bakari: watu zaidi ya milioni moja kutoka kila pembe ya dunia, hema la Mina mnalala bega kwa bega, kwenye tawafu unapumua pumzi ya mwenzako. Mjomba alirudi na kikohozi kilichomaliza mfungo nne wote, na yeye hakuwa na sukari. Wenyewe Wasaudia wanalazimisha chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa kila hujaji, na hii ya mafua wanaishauri, zaidi kwa wazee na wenye maradhi kama yako. Miaka yote hii umeweka shilingi kwa shilingi, umeuza mpaka ile minazi miwili ya kisimani, ili usimame Arafa. Sitaki siku ya Arafa ikukute umelazwa.

Unakumbuka Julai 2021, Rais Samia alipochomwa mbele ya kamera? Ulikaa kimya mbele ya runinga, kisha ukasema, "Kama mama mwenzangu amejitokeza, nami nitakwenda." Ukaenda, ukatuongoza sote. Ni mama huyohuyo ninayemwandikia leo.

Nimemtumia Kaka fedha kwa simu, ya sindano na ya nauli. Aulizie kwanza Tanga mjini, ikikosekana akupeleke Dar es Salaam, usipande basi peke yako. Mwende mapema, wiki mbili kabla ya safari zisipungue. Kaka aangalie mambo matatu: itoke kwenye friji, boksi liwe la msimu wa mwaka huu, na aisome ile karatasi. Wewe mweleze nesi kuhusu kisukari na dawa unazomeza, na umwambie kama mayai yaliwahi kukudhuru. Ukishachomwa kaa hapohapo robo saa. Mkono ukiuma, Zuhura akukande kwa kitambaa cha maji baridi, na usiteke maji siku hiyo.

Ndani ya bahasha nimetia barakoa kumi na mbili. Zivae ndani ya ndege na kwenye mabasi ya Makka. Mgeni huyu anabeba pia chupa ya asali kutoka kwa Nalongo. Anasema ni ya koo lako, na anaomba ukifika kwenye Kaaba uwataje mapacha wake kwa majina, nimeyaandika nyuma ya karatasi hii.

Nitapiga Alhamisi baada ya Isha. Tafadhali simu iwe na chaji, niambie siku mliyopanga kwenda.

Mwanao,
Rehema