Masomo ya mtandaoni jeshini: amri pekee haitoshi

Mhariri,

Chuo cha kijeshi kikianzisha masomo ya mtandaoni, mahudhurio hujaa siku ya kwanza. Lazima yajae, maana imetoka amri. Kosa huanzia hapo: wakuu wanaona orodha imetimia, wanaamini mfumo umepokewa.

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu hukubali teknolojia akiona inamfaa kazini na haimsumbui kuitumia. Mwaka 2003 mtafiti Venkatesh na wenzake waliongeza mambo mawili: msimamo wa watu anaowaheshimu, na mazingira wezeshi, yaani vifaa na msaada wa kuitumia. Walionyesha pia kwamba msukumo wa wakubwa una nguvu pale matumizi ni ya lazima, tena mwanzoni tu; mtumiaji akishazoea, hupungua. Kwa hiyo amri inaweza kumwingiza askari darasani. Kinachombakiza ni kingine.

Muda, kwanza. Kipindi cha moja kwa moja cha saa 2 usiku kitamkuta mmoja lindoni, na mwingine ameshalala kwa sababu saa 11 alfajiri ana mchakamchaka. Kipindi kirekodiwe, na saa za kusoma ziandikwe kwenye ratiba ya kikosi kama zinavyoandikwa za shabaha. Kamanda akimwondoa askari kwenye saa hizo kwenda kufyeka nyasi, kombania nzima imeshaelewa masomo yale yana uzito gani.

Pili, bando. Video ya saa moja hula mamia ya megabaiti. Sauti ya mkufunzi ya saa hiyo hiyo, ikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 30. Ukiiambatanisha na slaidi, sheria ya kijeshi au historia ya vita inafundishika vizuri kabisa. Programu ya simu ya Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo ya mtandaoni, huwezesha kupakua somo kambini na kulisoma porini bila mtandao. Hata jaribio hufanyika hivyo, ila mkufunzi aruhusu kwenye mipangilio na asiweke ukomo wa dakika, kwani jaribio lenye ukomo halifunguki nje ya mtandao. Wengi hukwama hapo, kisha lawama anabebeshwa mwanafunzi.

Hofu ya usalama nayo ni ya kweli. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava imeanika njia ambazo askari hukimbilia ndani ya kambi za kijeshi. Mwanafunzi asiyeambiwa lipi linaruhusiwa atachagua kukaa kimya. Apewe ukurasa mmoja wa maelekezo: huduma ya kuonyesha mahali ulipo izimwe kwenye simu, picha za kambi zisipandishwe, nyaraka za siri zibaki kwenye darasa la ana kwa ana.

Jambo linalotuumiza zaidi ni ukimya kwenye jukwaa la maswali. Koplo hawezi kuandika "sijaelewa" mahali ambapo meja anasoma. Kila wiki mkufunzi atume kidodoso kisicho na majina, chenye swali moja: wapi umekwama? Majibu yasomwe kwa wote, na afande mwenye cheo kikubwa darasani aombwe kuwa wa kwanza kuuliza kwa jina lake.

Vyuo vinavyotaka kujua kama masomo yamekubalika viache kuhesabu waliofungua ukurasa. Vihesabu waliorudia somo ambalo hawakuamriwa kulirudia.

Wakufunzi wa elimu masafa,
Dar es Salaam